Warithi wanne, toleo moja

Siku ya kugawa shamba la marehemu, wazee huja na kamba na miguu yao. Wanahesabu hatua, wanachomeka vijiti, wanapanda minyaa mpakani, na kabla jua halijawa kali kila mrithi ameshaonyeshwa kipande chake. Kazi hiyo huwa na haki kuliko watu wa mjini wanavyodhani: aliyeangukiwa na kichuguu anaongezewa hatua mbili, aliyepata mwembe anapunguziwa. Kimoja tu hakipimwi. Hakuna anayekwenda kusimama kwenye toleo, pale maji yanapoachana na mfereji na kuingia shambani, akauliza kuanzia leo toleo hili ni la nani.

Ukiuchimba ugomvi wa maji kwenye majaruba (vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta) ya Bahi mkoani Dodoma, kwenye bustani za chini ya bwawa la Hombolo au kwenye mabonde ya Mpwapwa, mara nyingi mzizi wake utaukuta siku ile. Tumezoea kulaumu udogo wa mashamba. Udogo una madhara yake, lakini robo ekari ya vitunguu yenye maji ya uhakika hulisha nyumba, na jaruba dogo husawazishwa kwa jembe la mkono vizuri kuliko kubwa. Kinachoumiza ni kwamba ardhi inagawanywa kwa utaratibu wa ukoo, huku maji yakiendelea kugawanywa kwa daftari la skimu, yaani mradi wa umwagiliaji wa kijiji, lililoandikwa enzi ya marehemu. Ardhi imekatwa mara nne, maji hayana habari.

Na mkato hautasimama. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 2,083,588 mkoani Dodoma; ya 2022 iliwakuta 3,085,625. Watu wameongezeka milioni moja kwa miaka 10, na mvua ni ile ile: milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote zikishuka kati ya Desemba na Aprili, tena mara nyingi zikikata kwa wiki mbili tatu katikati ya msimu. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kiangazi kitupu, na jua la hapa pamoja na upepo wake vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka. Ndiyo maana hakuna mrithi anayekubali kupewa kipande cha juu, cha kungojea mvua, peke yake. Kila mmoja anataka pua yake iguse mfereji.

Tuchukue ekari moja. Kwa wazee ekari ni hatua 70 kwa 70, na hatua ndefu ya mtu mzima ni kama sentimita 91, kwa hiyo upande mmoja unafika mita 64 hivi na eneo lote ni mita za mraba 4,000 na ushee. (Siku hizi wengi wanavuta futi kamba mita 70 kwa 70 na bado wanaita ekari. Hiyo ni mita za mraba 4,900, imezidi kwa sehemu moja ya tano. Daftari linasema ekari moja, shamba linakunywa zaidi, na wa chini wanashangaa maji yao yanaishia wapi.)

Mwezi wa Oktoba, mahindi yaliyokwisha kufunika ardhi hutumia kama milimita 6 za maji kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo ekari inataka lita 24,000 kila siku, yaani simtanki 24 za lita elfu moja. Ukimwagilia milimita 50 kwa mkupuo umeweka lita 200,000, akiba ya siku 8 kama udongo unashika maji. Kwenye kichanga haishiki. Sehemu kubwa inazama chini ya mizizi, na huko unatakiwa kumwagilia kidogo kidogo na mara kwa mara.

Sasa mfereji. Pima upana wa maji, tuseme nusu mita, na kina, sentimita 20. Dondosha kijiti, uhesabu sekunde inazochukua kwenda mita 10. Kikichukua sekunde 28, zidisha upana kwa kina kwa mwendo, kisha punguza asilimia 15 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Utapata kama lita 30 kwa sekunde. Kwa maji hayo, ekari yetu inapata milimita 50 zake kwa saa moja na dakika 51.

Warithi ni wanne. Kwenye karatasi kila mmoja ana robo ekari, kwa hiyo anastahili dakika 28. Mgawa maji anaandika majina manne mahali palipokuwa na moja, na kwa kuwa daftari limejaa, majina mapya yanaingia popote penye nafasi: mmoja Jumatatu, wawili Jumatano, wa nne usiku wa Ijumaa. Hapo ndipo maji yanapoanza kuliwa na mfereji wenyewe. Mfereji mdogo wa mita 200 uliokauka lazima ujae kwanza kabla maji hayajafika shambani. Nusu mita kwa sentimita 20 kwa mita 200 ni lita 20,000, na kwa lita 30 kwa sekunde hizo ni dakika 11, bila kuhesabu yanayonywewa na udongo mkavu wa kingo. Mrithi mwenye dakika 28 anabaki na 17. Maji yanayobaki mferejini baada ya lango kufungwa hayapotei yote, ila hayamngojei. Yanajiendea kwa aliye chini. Kilichoingia kwenye robo ekari yake ni milimita 30, si 50. Milimita 30 ni akiba ya siku 5. Zamu inarudi baada ya siku 8. Siku ya sita mahindi yanasokota majani saa nne asubuhi, na kama ni wakati wa kutoa mbelewele, siku hizo tatu zinatosha kuacha magunzi yenye mapengo.

Hakuna aliyeiba. Maji ya mto ni yale yale, ekari ni ile ile. Kama warithi wale wanne wangefuatana kwenye zamu moja, mfereji ungejazwa mara moja, ukapoteza dakika 11 tu. Kwa kutawanyika wanapoteza 44. Ukiwa na skimu ambayo mashamba yake mengi yamekatwa hivyo, usishangae kusikia maji yamepungua wakati banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, linachukua kiasi kile kile.

Mwenye dakika 17 hakai kimya. Anakwenda na jembe kutoboa ukingo apate toleo lake mwenyewe. Tundu lile peke yake si kubwa, lakini maji ya mfereji yako chini ya shamba lake, kwa hiyo lazima ayainue: anaweka mawe, matawi na viroba vya mchanga katikati ya mfereji. Nyuma ya kizuizi maji yanapanda na kupunguza mwendo, tope linatua, na msimu unaofuata kina kimepungua. Kwenye mfereji wa zege ni vibaya zaidi. Akishapasua bamba moja, maji yanapita nyuma ya mabamba mengine, yanakula udongo ulioyashikilia, na siku moja sakafu na ukuta vinaanguka pamoja. Fundi anaitwa, ripoti inaandikwa kwamba zege halikuwa na ubora. Huenda kweli halikuwa na ubora. Lakini tundu la kwanza lilitobolewa na mrithi aliyekosa mlango.

Jinsi ya kukata nayo ina maneno yake. Shamba la mita 64 kwa 64 linaloguswa na mfereji upande wa juu unaweza kulikata kwa mistari inayotoka mfereji kwenda chini, kila mrithi akapata ukanda wa mita 16 kwa 64 wenye kichwa mferejini na mkia kwenye mtaro wa kutolea maji. Au unaweza kulikata kukingama, wa kwanza akawa juu na wa nne chini kabisa. Namna ya pili inapendwa pale ambapo udongo wa chini ni mzito na wa juu ni kichanga, na familia inataka kila mtu ajue anachopata. Lakini maji ya wa nne yatapita kwa watu watatu. Kaka mkubwa akichelewa kupanda, akilima hadi mpakani, akiuza kwa mgeni, wa chini hana maji. Tena waangalie wanaopewa chini ni kina nani: mjane, binti aliyeolewa kijiji cha pili, mdogo ambaye yuko Dar es Salaam. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na kwa hatua za mguu wamempa. Kwa maji hawakumpa kitu.

Kwa hiyo kwenye ardhi ya mfereji, kata kwa urefu, kutoka mferejini kwenda mtaroni. Matuta ya mahindi au nyanya yatafuata urefu wa ukanda. Kwa nafasi ya sentimita 75, mita 16 zinabeba michirizi 21. Ukanda wa mita 8 bado unafanya kazi. Ukifika mita 4 shamba limekwisha: tuta la mpaka la nusu mita peke yake linakula sehemu moja ya nane ya ardhi, trekta haligeuki, na michirizi mitano iliyobaki ina miwili ya pembeni ambayo majirani wanagombania. Kizazi cha pili tu baada ya wale wanne kinaweza kufika hapo.

Kanuni hiyo hiyo, ukiipeleka mlimani, inaharibu. Kwenye miteremko ya Kondoa, Mpwapwa na Kongwa familia pia hukata kwa urefu, kutoka juu ya mlima kwenda bondeni, na sababu yao ni ya haki kabisa: kila mtu apate kipande cha changarawe juu na kipande cha rutuba chini. Ila plau hufuata upande mrefu. Ukanda mwembamba unaoshuka mlima utalimwa kushuka mlima, na kila mfuo unakuwa mfereji wa mvua ya kwanza ya Desemba. Kontua, yaani matuta ya kuzuia mmomonyoko, zilizochimbwa na babu zilikuwa zinakatiza shamba zima kwa kufuata usawa. Sasa zinapita kwa watu wanne, na akitokea mmoja wa kuibomoa ili apate mistari miwili zaidi, maji yote ya kontua yanatokea pale. Korongo linaanza kwa aliyebomoa na kuishia kwa wa chini yake.

Tope la huko ndilo linalokuja kwenye mabwawa na mifereji. Dodoma inalijua hili kwa gharama. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1972 kuhusu mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Imagi na Msalatu vilionyesha mabwawa yakijaa mchanga na tope kutoka kwenye mashamba na malisho ya juu. Mwaka uliofuata ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi la Kondoa. Lawama ya siku zile ilikwenda kwa ng'ombe, na ng'ombe walistahili sehemu yao. Mstari wa mpaka unaoshuka mlima haukulaumiwa na mtu, na bado haulaumiwi. Huko juu ni afadhali kukata kukingama, kontua ndiyo iwe mpaka, na mwenye kipande kibaya aongezewe ukubwa. Pale isipowezekana, kuna mbinu isiyohitaji kuelewana na jirani: mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapa hapa Dodoma. Ni vishimo vya kipenyo cha sentimita 22 hivi na kina cha 30, vikiachana sentimita 60 kwenye mstari na 90 kati ya mistari, vyenye samadi chini, vinavyonasa mvua pale inapodondoka. Jasho lake ni jingi, lakini hata kipande cha robo ekari kinafaa.

Zabibu zina mkasa wao. Kwenye mashamba yanayomwagiliwa kwa mipira ya matone kama ya Chinangali, block (kitalu) moja ina koki moja, kichujio kimoja na presha iliyopigiwa hesabu kwa idadi ile ya mipira. Ukiigawa block kwa kukata bomba na kuweka koki ya kila mtu, mmoja akifungua peke yake presha inapanda na viungio vinachomoka. Mwingine akiongeza mistari, matone ya mwisho wa mpira yanakuwa ya kubembeleza. Kichujio kinakuwa cha wote, maana yake hakioshwi na mtu. Na waya: mstari wa zabibu hushikiliwa na nguzo za mwisho zilizofungwa nanga ardhini. Mpaka ukipita katikati ya mstari na waya ukakatwa bila kusimika nguzo mpya za mwisho pande zote mbili, mzigo wa matunda unalaza mstari mzima.

Aliyekosa zamu mferejini anageukia mto wa mchanga, ambao kiangazi maji yake hubaki chini ya mchanga. Anachimba kisima, ananunua pampu ya petroli ya inchi 2. Ndugu zake watatu wanafanya vivyo hivyo, visima vinne kwa hatua kumi kumi, na vyote vinavuta mchanga ule ule wenye maji yale yale. Mwezi wa Julai mambo ni mazuri. Septemba kisima kinakauka baada ya dakika 20 na inabidi kungoja kijae. Wengi hudhani pampu imechoka. Pampu ya juu ya ardhi hainyonyi maji kutoka kina chochote utakacho. Ni uzito wa hewa ndio unaoyasukuma yapande kwenye mpira wa kunyonyea, na Dodoma ikiwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Ukivuka mita 6 kutoka pampu hadi usawa wa maji, maji yanakuwa ya kusuasua, hasa kama mpira una tundu dogo linaloingiza hewa. Dawa wanayoipata wengi ni kuishusha pampu ndani ya kisima. Hiyo inaua. Moshi wa injini ya petroli hujaa shimoni, una sumu isiyo na harufu, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza huanguka juu yake. Pampu moja ya kuzamishwa kwenye kisima kimoja kilichojengwa vizuri, yenye foleni ya watu wanne, huenda ingegharimu chini ya pampu nne na mafuta yake.

Mashamba ya kando ya mto pia yanasogea kila yanapokatwa. Mwenye kipande kidogo analima hadi ukingoni, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Mto ukipanuka, wa kwanza kupoteza ardhi ni yeye.

Kuna wanaosema dawa ni kuunganisha mashamba. Serikali imefungua mashamba makubwa ya pamoja chini ya BBT, programu yake ya kuingiza vijana kwenye kilimo, huko Chinangali na Ndogowe wilayani Chamwino, na ni jambo la maana kwa ardhi mpya inayopangwa kabla ya kukaliwa. Kwenye skimu ya zamani, ambako kila tuta lina jina la babu wa mtu, kuunganisha ardhi ni vita ya miaka. Kuunganisha maji ni mkutano wa asubuhi moja.

Toleo libaki moja. Warithi wanne wanabaki mstari mmoja kwenye daftari la zamu, kwa jina la toleo na namba yake, si kwa majina yao. Saa zao ni zile zile za marehemu, moja na dakika 51, na ndani yake wanagawana kwa eneo la kila mmoja, wakipokezana anayeanza, kwa kuwa anayeanza ndiye anayelipia kujaza mfereji. Mmoja wao anasimamia lango na kukusanya ada. Ada ya robo ekari haifuatwi na mhasibu yeyote. Ya ekari nzima inafuatwa. Faida nyingine ni ya usiku: zamu ya saa nane ikiwa ya dakika 28, watu wanalala na maji yanakwenda mtaroni. Ikiwa ya karibu saa mbili, na watu wanne wa kupokezana, mtu anaamka.

Karatasi nazo zinaruhusu. Kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde, na skimu ikiombewa na chama chake, kiasi kilichoandikwa hakiongezeki kwa kuwa wanachama wameongezeka. Kwa hiyo kuandikisha vipande vipya kama wateja wapya ni kujidanganya. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa familia au kikundi, sio lazima mtu mmoja mmoja. Na pale warithi wanapotaka hati zao tofauti, ambayo ni haki yao, halmashauri ya kijiji iandike humo vitu viwili ambavyo leo havimo: namba ya toleo na dakika zinazokwenda na kipande. Mnunuzi wa kesho akija na noti zake, anunue ardhi pamoja na zamu yake, wala asidai toleo jipya.

Kinachobaki ni mtaro wa kutolea maji, ambao ndio huuawa kwanza. Siku ya mgawo unaonekana kama ardhi iliyolala bure. Upana wa mita moja kwa mita 64 unafukiwa na kupandwa mpunga, na hakuna anayelalamika kwa misimu miwili. Bahi ni bonde lisilo na njia ya kutokea baharini, maji yake huishia mbugani na kukauka na kuacha chumvi, na Hombolo nayo maji yake yana chumvi. Shamba la maji kama hayo lisipokuwa na pa kutolea, chumvi hupanda na unyevu kila jua linapokausha juu. Kwanza ni weupe mwembamba kwenye vichwa vya matuta, halafu miche inayoota kwa madoa, halafu doa linalopanuka. Kwa hiyo wazee wakishamaliza kuhesabu hatua, mgawa maji akiwa amesimama nao na daftari lake, vijiti vya mwisho vichomekwe mita moja kutoka ukingo wa mtaro, pande zote mbili, na kamba isivuke hapo.